Mnunuzi Aulizwe Kwanza: Kuchagua Ukaguzi wa Haki za Wafanyakazi

Hotuba kwa wenye viwanda na wafanyabiashara wanaouza bidhaa nje ya nchi



Mshonaji wa nguo kule Athi River, au mwenye banda la kufungashia mishiri kule Yatta, anaijua siku hiyo. Mnunuzi wa ng'ambo ameridhika na bei, ameridhika na sampuli, kisha anaandika barua pepe nyingine: wafanyakazi wenu wanatendewaje, na ni nani amekagua? Hapo wengi hushika simu, wakatafuta mkaguzi wa bei nafuu, wakalipa, wakapata karatasi. Baada ya muda mnunuzi anajibu kwamba karatasi hiyo si ile anayoitambua. Pesa zimekwenda, na oda imekwenda kwa mwingine.

Dawa yake ni rahisi mno hata watu huidharau. Mnunuzi aulizwe kwanza, kwa maandishi: anataka ukaguzi upi, toleo lipi, anakubali kampuni zipi za ukaguzi, na ripoti isizidi umri gani. Majina haya yanafanana masikioni lakini kazi zake ni tofauti.

SMETA, inayoendeshwa na Sedex, si cheti. Ni ripoti inayowekwa kwenye mtandao wa Sedex ili wanunuzi waisome wenyewe. Hakuna kufaulu wala kufeli. Kuna makosa yaliyoorodheshwa na muda wa kuyarekebisha. Ina nguzo 2, yaani kazi na usalama, au nguzo 4, zikiongezwa mazingira na maadili ya biashara. Aliyelipia nguzo 2 huku mnunuzi anataka 4 atalipa tena. Duka la Uingereza mara nyingi ndilo huitaja hii.

amfori BSCI hutoa alama kuanzia A hadi E, na kiwanda hakijialiki chenyewe. Lazima mnunuzi aliye mwanachama akiingize. Kwa hiyo mtu anayetembea akiuza "cheti cha BSCI" kwa kiwanda kisicho na mnunuzi kama huyo aulizwe maswali makali. WRAP ni ya wenye nguo hasa, ilianzia Marekani, ina kanuni 12, na cheti chake hudumu miaka 2, mwaka 1 au miezi 6 kulingana na daraja. Kwa mboga na matunda, aliye tayari na GLOBALG.A.P. huongezewa tathmini ya GRASP, na mara nyingi hiyo humtosha mkulima wa kiasi.

SA8000 ndiyo nzito kuliko hizo. Ni cheti kamili cha miaka 3, wakaguzi hurudi katikati, na haiishii kwenye kima cha chini cha mshahara. Inauliza kama mshahara unamtosha mfanyakazi kuishi na familia yake. Kiwanda ambacho bado hakina mikataba ya maandishi kisianzie hapo.

Sasa jambo linalowaangusha wengi kuliko uchaguzi wenyewe. Mwajiri husema, "Mimi nafuata sheria ya Kenya, basi niko salama." Amri ya jumla ya mishahara inaruhusu wiki ya kazi ya saa 52. SA8000, na kanuni za ETI ambazo SMETA huzitumia, zinataka saa za kawaida zisizidi 48, na saa za ziada ziwe za hiari. Sheria na kanuni zikitofautiana, hufuatwa ile inayomlinda mfanyakazi zaidi. Mwajiri huyo ataandikiwa kosa huku leseni zake zote ziko ukutani.

Lakini pia wako wengi ambao hata hiyo sheria hawajaifikia. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua. Kuna mabanda ambako mama amechambua mishiri misimu minne na bado jina lake liko kwenye daftari la vibarua, hana likizo, hana siku za ugonjwa. Mkaguzi hulipata daftari hilo asubuhi ya kwanza. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa pia kuwa na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono na kamati ya usalama. Haya hayahitaji mshauri wa kulipwa.

Kwa nini yote haya yasichukuliwe kuwa mambo ya makaratasi tu? Septemba 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa. Madirisha yalikuwa na vyuma, na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000 wiki chache tu kabla. Mwaka 2020 mahakama ya huko iliwatia watu hatiani kwa kuuwasha moto ule makusudi. Hilo halibadilishi kwamba waliokuwa ndani hawakuwa na pa kutokea, na cheti kilisema kiwanda kiko sawa.

Ndiyo maana mkaguzi anayefaa ni yule anayekaa na wafanyakazi faraghani, kwa lugha yao, Kiswahili au Kikamba, bila msimamizi kusimama mlangoni. Mwajiri anayewafundisha watu majibu usiku wa kuamkia ukaguzi, au anayeweka madaftari mawili ya saa za kazi, hugunduliwa mara nyingi, kwa sababu saa za daftari hazilingani na idadi ya nguo zilizoshonwa. Na mkaguzi anayeomba chochote zaidi ya ada iliyo kwenye ankara aripotiwe kwa kampuni yake na kwa mnunuzi.

Ukaguzi wa kazi ni wa serikali ya kitaifa, kupitia maafisa wa leba. Kaunti inashika zimamoto na leseni za biashara. Basi kabla ya kumlipa mkaguzi wa ng'ambo, mwenye kiwanda amwite afisa wa zimamoto. Na hata kabla ya afisa huyo kufika, leo jioni, zamu ikiwa bado kazini, azunguke mwenyewe na kusukuma kila mlango wa dharura kwa mkono wake, aone kama unafunguka bila mtu kwenda kutafuta ufunguo.