Redio Iliyozoeleka Kabla ya Kuua

Msikilizaji, propaganda haianzi kwa kufoka. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, iliingia majumbani kwa muziki uliopendwa, mizaha na lugha ya vijiweni. Watu waliizoea kwanza, wakaiamini baadaye. Ndipo Watutsi, kabila la wachache nchini humo, wakaitwa mende, tena na tena, hadi jirani akaonekana mdudu. Hofu ikafuata: tusipowawahi, watatuwahi. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, watangazaji walisoma hewani majina ya watu na mahali walipojificha.

Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa kuhusu Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza. Haki ilipatikana, lakini mamia ya maelfu walishazikwa.

Mbinu hizo zingali hai, majukwaani na kwenye simu zetu. Tunaposikia hotuba ya chuki, tuulize: nani ananufaika tukiogopa? Wanaotuhumiwa wamepewa nafasi ya kujibu? Mwanasiasa anayemwita raia mwenzako mdudu anakuomba kibali cha kumdhuru. Mnyime mapema.