Mbwa Akimng'ata Mtoto, Nani Aulizwe?

Msikilizaji, mbwa akimng'ata mtoto, swali la kwanza huwa: ni mbwa wa aina gani? Uingereza ilijibu kwa sheria. Mwaka 1991 ilipiga marufuku pit bull terrier na aina nyingine chache, na tangu Februari 2024 kumfuga mbwa wa aina ya XL Bully bila kibali maalumu ni kosa katika England na Wales.

Hoja ya wanaoiunga mkono ni nzito: mbwa mkubwa mwenye taya za nguvu akishika, jeraha si dogo, na uso wa mtoto uko karibu na mdomo wake. Kwa upande mwingine, RSPCA, shirika la kutetea wanyama, linapinga kuhukumu mbwa kwa aina yake.

Sasa tuje kwetu. Hapa mbwa wengi ni wa kienyeji. Mbwa anafungwa mchana kutwa, chanjo hana, geti liko wazi, na mtoto katumwa dukani. Tena kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishajitokeza, kupona ni nadra mno. Ndiyo maana jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali mara moja.

Kwa maoni yangu, tuanze na mwenye mbwa. Amchanje, afunge geti, asimwache mtoto mdogo peke yake na mbwa, hata yule mpole.

Je, wewe unayefuga, mbwa wako alichanjwa lini?