Yeye Hasikii Redio Hii

Dominika ya 23 ya Mwaka B



Injili ya leo yatuonyesha kiziwi aliyeletwa na wenzake. Angejiletaje mwenyewe, naye hakupata kusikia habari za Yesu? Bwana akamtenga na makutano, akamgusa masikio.

Mwaka 1978, mjini Melbourne, Australia, Rod Saunders, aliyeumia kichwa katika ajali ya gari na kuwa kiziwi kabisa, alifika mikononi mwa daktari Graeme Clark. Daktari huyo, ambaye baba yake alikuwa mgumu wa kusikia, alikuwa akitafuta njia ya kupitisha waya katika sikio la ndani, lililojiviringa kama konokono, pasipo kulijeruhi. Jibu alilipata ufukweni, kwa ujani na kombe la baharini: ujani wenye ncha laini na shina gumu ulipenya hadi ndani. Basi kifaa kikapandikizwa, kikapeleka umeme kidogo kwenye mshipa wa fahamu. Wimbo wa taifa ulipopigwa, Saunders alisimama wima.

Lakini tusidanganyane. Kifaa hicho hakirudishi sikio la zamani. Mshipa wa kusikia ukiwa umekatika, hakifai kitu. Ukiwa mzima, mgonjwa asikawie kupimwa, kwani fuvu likipata ufa, mfupa waweza kuota na kuziba njia. Hata baada ya upasuaji sauti huwa ngeni, na mtu hujifunza upya kuyatambua maneno kwa miezi mingi. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliianza kazi hiyo mwaka 2017. Hata hivyo gharama yake ni kubwa, na wengi hawaimudu.

Hapo ndipo wajibu wetu unapoanza. Kijana akianguka na pikipiki akapoteza usikivu, twasema amerogwa. Twampigia kelele siku mbili tatu, kisha twamwacha. Ndugu zangu, yeye hasikii redio hii. Ninyi mnaosikia ndio wale waliomleta kiziwi kwa Yesu. Mpelekeni hospitali mapema. Leo mwendeeni nyumbani. Msibishe hodi mkaondoka kwa kukosa jibu. Ingieni, mguseni bega, mtazameni usoni, semeni polepole, andikeni. Nawe katekista, mwekee nafasi ya mbele kanisani, na masomo umwandikie.

Bwana ayafungue masikio yake, na mioyo yetu pia. Amina.