Tuta la Kate: Kujitegemea na Kazi ya Wote

Katika mijadala juu ya siasa ya Tanzania baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, imekuwa desturi kudai kwamba kujitegemea, yaani kuishi kwa nguvu zako mwenyewe, na ujamaa, yaani kufanya kazi kwa manufaa ya wote, ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Historia ya Operesheni Vijiji, yaani kuhamishiwa watu vijijini, na ya Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 inajulikana vya kutosha. Kinachostahili kuchunguzwa ni dai lenyewe, ambalo hurudiwa mara nyingi kuliko linavyothibitishwa.

Kosa lake la kwanza ni la sarufi. Kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake, lakini hakisemi kama mtenda ni mmoja au ni wengi, kwani "anajitegemea" na "tunajitegemea" hutumia -ji- ileile. Hoja nzito zaidi ya wanaodai hivyo, na haki ni kuipa uzito wake, ni kwamba Azimio linapopanga ngazi za kujitegemea huanza na mtu mmoja, ndipo likapanda hadi taifa. Ni kweli. Ila wanaosoma hivyo husimama kwenye ngazi ya kwanza. Wangepanda moja tu, wangezikuta nyumba kumi, yaani majirani wanaofahamiana kwa majina, kwa madeni na kwa misiba.

Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, ilizijua ngazi hizo kabla ya chama chochote. Ilungu, tanuru refu la udongo ambamo mawe ya chuma yaliyeyushwa kwa upepo uliojivuta wenyewe bila mivukuto, lilihitaji wachimba mawe, wachoma mkaa, wajenzi na fundi mkuu. Chuma kilichotoka kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, kisha kikafuliwa kuwa jembe, na jembe likawa mali ya mtu na kaya yake. R. Wise, aliyechapisha maelezo ya kazi hiyo mwaka 1958, angali anastahili kusomwa polepole kuliko wananadharia wengi waliomfuata. Jembe hilo ndilo lililoinua intumba, matuta ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze ziwe mbolea, na ambayo msimu unaofuata husambazwa ili ulezi upandwe. Mhadhiri mmoja aliwahi kupewa jembe katika kijiji cha Kate, hukohuko Ufipa. Matuta yake yalichekwa na akina mama, ambao kabla ya jua kuzama walikuwa wameyafumua na kuyainua upya, pasipo kuuliza shamba ni la nani.

Kisa kimoja si ushahidi, na ni lazima ikubalike kwamba tuta lilikuwa la kaya, wala fundi mkuu wa ilungu hakuwa sawa na mchoma mkaa. Hata hivyo, hayo yanaonyesha tu kwamba kazi ya wote haikumfuta mwenye shamba; hayaonyeshi kwamba mwenye shamba aliikimbia. Kilichowakimbiza watu ni kitu kingine. Katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, la Septemba 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa kulazimisha watu. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri.