Bwawa linavuja, au jua linakunywa?

Leo tuko na wenye bwawa la kuogelea nyumbani, wale wanaofungulia maji kila Jumamosi huku wakimshuku fundi aliyelijenga.

Kabla hujamwita mtu, tafuta ndoo. Ijaze maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya bwawa hadi maji ya ndani yalingane na ya nje, kisha chora alama pande zote mbili. Subiri saa 24, watoto wasiogelee. Jua na upepo hunywa kotekote sawasawa. Ya nje yakishuka zaidi, bwawa linavuja. Usidharau sentimita moja: bwawa la mita 8 kwa 4 hapo limepoteza lita 320.

Sasa, wapi? Rudia jaribio pampu ikiwa imezimwa, halafu ikiwa inafanya kazi. Yakishuka zaidi pampu ikinguruma, shuku mabomba yanayorudisha maji bwawani. Yakishuka kisha yakagota usawa wa taa, anzia kwenye taa, ila zima umeme wake kwanza, tafadhali. Maji yakiwa yametulia, dondosha rangi ya chakula taratibu karibu na ufa. Ikivutwa ndani, ndipo penyewe.

Lakini usikimbilie kulikausha, hasa pwani, ambako maji ya ardhini mara nyingi yako karibu. Bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likainuka kama mtumbwi. Fundi akisema tulimwage lote, muulize kwanza kisima cha jirani kina urefu gani hadi kufikia maji.