Waziri na Kura Yake: Masinde Muliro, Mkulima na Bunge



Mmetuita tuzungumze juu ya mawaziri na michango yao Bungeni katika mambo ya kilimo na utawala. Tungeweza kuwasomea hotuba mpaka jua litue, kwa maana Hansadi ni kitabu kinene na mawaziri wa nchi hii hawakupata kuwa mabubu. Tumeona afadhali tumchukue mtu mmoja, marehemu Masinde Muliro, na kikao kimoja cha Juni 1975. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Hata hivyo jambo lililofanyika pale ni deni letu pia.

Kabla ya kumfikia, hebu tulijibu neno moja tunalolisikia kila mara, hata makanisani: kwamba kilimo ni kazi ya jembe, na utawala ni kazi ya wanasiasa, basi mkulima na alime anyamaze. Yafikirieni mahindi. Mpaka mwishoni mwa 1993 mkulima wa Kitale hakuwa huru kuyapakia magunia yake na kuyapeleka wilaya nyingine apendavyo. Alihitaji kibali. Gunia alilovuna mwenyewe, kwa mbegu aliyoinunua mwenyewe, lilikuwa halali upande huu wa kizuizi cha polisi na haramu upande wa pili. Nani alitunga sheria hiyo? Bunge. Nani alipewa mamlaka ya kuitekeleza? Waziri, bodi, na ofisa mwenye muhuri. Pale kizuizini, mama mwenye magunia yake alikuwa anakutana na Katiba, ajue asijue.

Wala haya hayakuanza jana. Mwaka 1965, nchi ikiwa na uhuru wa miaka miwili tu, mahindi yaliadimika mpaka yakaagizwa kutoka ng'ambo. Tume ya uchunguzi ikaundwa, na waziri aliyehusika na masoko, Paul Ngei, akasimamishwa kazi mwaka 1966 uchunguzi ukiendelea. Baadaye akarudi serikalini. Tunalitaja jambo hilo kwa sababu liliweka desturi ambayo bado inatusumbua: njaa huingia, tume huundwa, ripoti huandikwa, na mkulima hurudi kupanga foleni penye mlango ule ule.

Sasa Muliro. Alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, akafundisha, na mwaka 1957 akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuchaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa kiongozi wa KADU, na chama hicho kilipojivunja mwaka 1964 aliingia KANU pamoja na wenzake. Baada ya uchaguzi wa 1969 akapewa Wizara ya Ushirika na Huduma za Jamii. Hatukuja hapa kumtangaza mtakatifu. Kuvunjwa kwa KADU kuliliacha Bunge bila upinzani rasmi, na tunadhani gharama yake tumeilipa kwa muda mrefu. Tena wizara aliyoiongoza ilifanya kazi chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1966, sheria iliyompa kamishna wa serikali mkono mzito juu ya fedha na kamati za vyama ambavyo, kwa jina, vilikuwa mali ya wakulima. Mkono huo haukulegezwa mpaka sheria mpya ya 1997, na hata hiyo ikarekebishwa tena mwaka 2004 kwa kuwa viongozi kadhaa wa vyama walipoachiwa uhuru waliugeuza kuwa ulaji. Jambo hili halina jibu jepesi. Serikali ikishika sana, chama si cha mkulima. Ikiachilia bila ukaguzi, mwizi ni jirani yake.

Twende Machi 1975. Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J. M. Kariuki, aliyekuwa akisema waziwazi juu ya ardhi na wasio na ardhi, alionekana kwa mara ya mwisho Nairobi tarehe 2, na maiti yake ikapatikana kwenye vilima vya Ngong. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale. Ripoti ilipowasilishwa mwezi wa Juni, serikali ilitaka Bunge liipokee tu, yaani wabunge waseme wameiona, kisha waiweke kabatini. Wabunge walikataa. Kwa kura 62 dhidi ya 59, Bunge likaamua kuikubali ripoti.

Hesabuni wenyewe. Tofauti ni kura tatu. Na miongoni mwa walioisimamia ripoti hiyo walikuwamo watu watatu wa serikali yenyewe: Waziri Masinde Muliro, na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Wote watatu walifutwa kazi mara moja.

Sisi mawakili tunajua hoja iliyotumika dhidi yao, na si hoja ya kipuuzi. Inaitwa uwajibikaji wa pamoja: waziri asiyekubaliana na wenzake ajiuzulu kwanza, ndipo aseme. Lakini kisomeni kifungu cha 17 cha Katiba ya wakati ule. Kilisema Baraza la Mawaziri linawajibika kwa pamoja mbele ya Bunge. Mbele ya Bunge, ndugu zangu! Hakikusema mbele ya Ikulu. Umoja wa mawaziri uliwekwa ili wasimkimbie anayewauliza, si ili wamzibe mdomo. Muliro alipopiga kura ile alikuwa amewajibika mahali hasa Katiba ilipomwelekeza.

Yaliyofuata mnayajua. Oktoba mwaka ule ule Martin Shikuku na Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kikaifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 wapigakura walipangwa mlolongo barabarani kama ng'ombe wa mnadani. Katikati ya ukimya huo, mwaka 1984, KFA, chama cha wakulima kilichokuwapo tangu 1923, kilivunjwa na mahali pake pakaundwa KGGCU. Hapakuwa na chama cha upinzani cha kusimama Bungeni na kuuliza hisa za mkulima zimekwenda wapi.

Muliro aliishi mpaka akaona kifungu hicho kikifutwa, Desemba 1991, naye akiwa mmoja wa waanzilishi sita wa FORD. Alifariki tarehe 14 Agosti 1992, akirejea kutoka London, miezi minne kabla ya uchaguzi. Waumini wenzetu watakumbuka kwamba Askofu Alexander Muge alikufa tarehe 14 Agosti vilevile, mwaka 1990, akitoka Busia. Agosti imetuchukulia watu.

Leo, chini ya Katiba ya 2010, waziri si mbunge tena. Hawezi kupiga kura aliyoipiga Muliro, na Katiba imemfanya awajibike kwa Rais, ingawa anapaswa kufika mbele ya kamati za Bunge na kujibu. Basi mzigo wa kura umebaki kwa wabunge peke yao. Mwaka 2024 tuliuona ukipimwa. Wakulima walilalamika kwamba mbolea ya ruzuku waliyouziwa haikuwa mbolea. Tarehe 2 Mei wabunge 149 dhidi ya 36 walipitisha hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo. Kamati teule ya watu kumi na mmoja ikakaa, na kabla ya mwezi kufika nusu ikasema madai hayakuthibitishwa. Hapo jambo likafa, halikurudi mbele ya Bunge zima. Mwaka 1975, chini ya utawala uliokuwa ukiua na kufunga, Bunge zima lilipata nafasi ya kuikubali au kuikataa ripoti ya kamati yake. Mwaka 2024, kura za kamati ya watu kumi na mmoja zilizizima zile 149.

Kasoro hiyo imo katika Katiba yenyewe, kifungu cha 152, nasi tunaona inafaa kurekebishwa: ripoti ya kamati, iwe imemtia waziri hatiani au imemsafisha, iletwe mbele ya Bunge zima ijadiliwe na ipigiwe kura. Fomu za sahihi ziko kwa katibu pale mezani. Na mbunge wenu atakapokuja harambee ya kanisa, kabla hajapewa kipaza sauti, mwulizeni alikuwa wapi tarehe 2 Mei.