Kinywa cha Mbwa na Mkono wa Mwenye Mbwa

Matini ya mazungumzo na wafugaji wa mbwa na paka, Kibara



Habari ya kusafisha meno ya mbwa huchekesha wengi inapotajwa mkutanoni. Katika kata za Mwibara mbwa ni mlinzi wa boma, na paka ni mlinzi wa ghala la mahindi na magunia ya dagaa. Wote wawili hula makombo, na hakuna anayewatazama kinywani mpaka siku mnyama anapoacha kula. Siku hiyo hatari huwa imeingia nyumbani, wala si kwa mnyama peke yake.

Mbwa mzima ana meno 42, paka 30. Kila mlo huacha juu ya meno hayo utando laini wa vijidudu. Utando huo usipoondolewa, baada ya siku mbili tatu huanza kugandishwa na chumvichumvi za mate ukawa ukoga mgumu, wa manjano au kahawia, ambao kitambaa hakiwezi tena kuuondoa. Fizi huwa nyekundu, huvimba na kutoa damu. Hatimaye mfupa unaolishika jino huliwa na jino hulegea. Wafugaji wengi huamini kwamba kunuka kinywa ni tabia ya mbwa. Sivyo. Harufu kali ya uozo ni dalili ya ugonjwa, na mnyama mwenye maumivu ya jino hutafuna upande mmoja, huangusha chakula, au huona kitoweo akakisogelea kisha akageuka.

Wako pia mbwa wenye meno yaliyojaa vishimo tangu ujana, kana kwamba yametafunwa na kutu. Mara nyingi hao ni manusura wa ugonjwa wa virusi uitwao distempa, ambao ukimpata mtoto wa mbwa huharibu tabaka gumu la meno yanayojengeka ndani ya fizi. Wilaya inayopakana na Serengeti haina budi kuukumbuka ugonjwa huo. Mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo, na wataalamu waliwataja mbwa wa vijiji jirani kuwa miongoni mwa chanzo chake. Upo kwa chanjo, ingawa chanjo hiyo si ile ya kichaa cha mbwa.

Usafi wenyewe hauna gharama kubwa. Mtoto wa mbwa au wa paka huzoeshwa mapema kuguswa midomo, akiwa ametulia na ameshiba. Kitambaa safi kilicholowa maji huviringishwa kidoleni, kisha hupitishwa taratibu upande wa nje wa meno, pale yanapokutana na fizi. Mswaki laini wa mtoto nao wafaa. Dawa ya meno ya binadamu isitumike, kwa kuwa mnyama hajui kutema, na baadhi ya dawa hizo zina sukari mbadala iitwayo zailitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa. Afanyiwe kila siku ikiwezekana. Mifupa iliyopikwa isitupwe kwa mbwa, maana hupasuka vipande vikali. Mapanki ya sangara nayo yana miiba inayokwama kwenye kaakaa na kooni.

Hapa ndipo penye jambo lililo zito kuliko ukoga. Mwenye mbwa amwonapo mnyama wake anadondosha mate, taya limelegea na hawezi kumeza, wazo la kwanza ni kwamba amekwamwa na mfupa. Huruma humsukuma kumpanua kinywa na kutia mkono. Lakini kichaa cha mbwa chaweza kuonekana hivyohivyo. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia hovyo akiuma watu. Wengine hunyamaza, hulegea taya na kujificha gizani. Mate yao hubeba virusi, na huweza kuvibeba siku kadhaa kabla ya dalili yoyote. Mchubuko mdogo kidoleni watosha kuvipitisha. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Kwa hiyo mnyama wa namna hiyo, awe mbwa au paka, hafunguliwi kinywa na mtu wa nyumbani. Afungiwe mahali peke yake, watoto waondolewe, na afisa mifugo aitwe. Mtu aliyekwisha kuumwa, au kuguswa na mate kwenye jeraha, jichoni au mdomoni, aoshe mahali hapo papo hapo. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Macho yaoshwe kwa maji mengi matupu. Kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Kidonda kupona haraka si ushahidi kwamba hatari imepita. Mbwa wa kusafishwa meno na awe kwanza amechanjwa, na chanjo irudiwe kila mwaka.

Jino lililooza halin'golewi kwa koleo la fundi huku vijana wanne wamemkandamiza mnyama. Taya la paka huvunjika kwa urahisi, na kazi hiyo huhitaji dawa ya usingizi mikononi mwa daktari wa mifugo. Wala asipewe dawa ya maumivu ya binadamu: kidonge kimoja cha parasetamo chaweza kumuua paka.

Mfugaji anapomwita afisa mifugo wa kata ataulizwa mambo matatu: mnyama aliacha kula lini, alichanjwa lini, na je, katika miezi ya karibuni aliumwa na mbwa mwingine au mnyama wa porini. Kadi ya chanjo hujibu moja. Hayo mengine mawili huwa yanajulikana zaidi na watoto wanaochunga, nao waulizwe kabla simu haijapigwa.